Aliyeuchukua Mwiko wa Mama

Gbeiplay, Nimba
Mwisho wa Novemba, 1966

Kwa mdogo wangu Paye,

Pokea salamu. Nakusalimu kwa sababu mama alitulea hivyo: hata mtu uliyemkasirikia humkuti njiani ukampita kama kisiki. Sisi huku tu wazima. Mpunga umeingia ghalani, panya mwaka huu si wengi, na mgongo wa mama unamsumbua asubuhi lakini jua likipanda hunyooka. Wewe je? Tunasikia mvua za mjini zilikuwa kali. Kile kifua chako cha utotoni kimekuacha, au bado ukilala kinapiga filimbi? Nakuuliza kwa dhati. Hasira yangu haijafika mahali pa kukutakia ugonjwa, ingawa imefika jirani yake.

Barua yako kwa mama ililetwa na dereva wa lori la chumvi. Nilimsomea mimi, tumekaa mlangoni. Umemwambia kwamba mambo yako yameharibika ghafla. Kwamba nyumba ya Mheshimiwa Pennick, uliyokuwa ukiingia bila kubisha hodi, sasa mlango wake haufunguki. Kwamba Mheshimiwa mwenyewe anapita ofisini kama hakujui. Kwamba yupo adui aliyekutilia fitina, humjui ni nani, na unamwomba mama akutumie mchele mpya na mafuta ya mawese umpelekee Bibi Pennick, umlainishe moyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta nguo yake, akasema, "Mjibu wewe, Yei. Mimi nitakosa adabu."

Basi nakujibu. Kaa kitako, na kama una mtu pembeni mwambie akupishe.

Kwanza sikujua juu ya bahasha niandike jina gani. Huko wanakuita Philip Wentworth. Baba alikuita Paye akafa anakuita Paye. Nimeandika yote mawili ili mwenye posta achague anayemfahamu.

Nimekuwa nikijiuliza jambo hili lilianzia wapi, na kila nikirudi nyuma naishia kwenye ile meza ya misheni. Unaikumbuka? Meza ndefu ya mbao, mabakuli ya bati, na kila mtoto amewekewa kijiko upande huu na uma upande ule. Mwalimu wa kike alikuwa akipita nyuma yetu na rula. Aliyegusa wali kwa vidole alipigwa vidole hivyo hivyo. Mimi nilipigwa mpaka kucha zikawa za buluu, na siku niliporudi nyumbani sikuondoka tena. Wewe ulishika uma kama uliyezaliwa nao. Ukawa kipenzi. Siku ya wageni walikuweka mbele ya wazazi wote, sahani tupu, uoneshe namna mtu mstaarabu anavyokula. Ukakata hewa kwa kisu, ukaichoma kwa uma, ukaipeleka mdomoni, ukaitafuna mdomo umefungwa, ukajipangusa. Wazungu wakapiga makofi. Mama akamgeukia baba, akamwuliza kwa sauti, "Kwani huyu mtoto wanamlisha au wanamdanganya?" Tulicheka siku nzima. Leo naona mama hakuwa akitania.

Wewe ndiye uliyeniambia, siku moja ya likizo, kwamba watu wetu hawakuwa na vyombo vya kulia mpaka meli zilipoleta. Ulisema hivyo umekaa katika jiko la mama, Paye! Kuna miiko imening'inia ukutani nyuma ya kichwa chako, mwembamba wa mchuzi, mpana wa wali, ule wenye mpini wa kichwa cha kondoo. Bibi zetu walikuwa wakinywea mchuzi kwa gamba la konokono kabla mchuuzi wa kwanza wa vijiko vya bati hajauona mto huu. Walikata buyu dogo wakalifanya kata. Walikuwa na jani kwa chakula cha shambani, mkono kwa chakula cha ndugu, na mwiko kwa chakula cha watu wengi. Na juu ya miiko yote ulikuwa ule mmoja.

Nakuandikia habari zake kama vile huujui, kwa sababu ulichokitenda hakitendwi na anayeujua. Ule mwiko, mrefu kama mkono wa mtu mzima, kikombe chake kinaingia wali wa watu wanane, na mpini wake ni uso wa mwanamke, macho yamefumbwa nusu, nywele zimesukwa. Haukuwa mali ya mama. Mama alikabidhiwa na Bibi Leh, na Bibi Leh alikabidhiwa na mwingine. Haurithiwi kwa damu. Mwanamke anaupata kwa mkono wake: anayelima zaidi, anayepika zaidi, asiyeuliza mgeni ametoka wapi kabla hajamwekea chakula. Mwaka ule wa nzige, wale vibarua waliokuwa wakipita kwenda mgodini walikula kwa mama, hata majina yao hatukuyajua. Sisi wanawe tulilala na uji mwepesi. Wewe ulilia, ukasema mama anawapenda watu wa njiani kuliko wewe. Siku ya karamu ni yeye aliyetoka na mwiko ule, anacheza, wanawake wa mtaa nyuma yake kila mmoja na mwiko wake mdogo, na hakuna aliyetia tonge mdomoni kabla yake. Chifu alimsubiri. Baba yetu alimsubiri. Na mwenye mwiko akichoka hutazama wanawake wadogo wa mtaa, akachagua.

Mama alikwisha kuchagua. Alikuwa amemchagua Nohn, mkeo. Hilo hukulijua, kwa kuwa hukuwahi kuuliza mkeo anafanya nini siku anazokusubiri. Miaka minne unamwambia nyumba ya mjini bado haijapatikana. Alilima. Alilima shamba la mama na lake. Alipika kwa ajili ya wagonjwa wa mtaa mzima, na wala hatangazi.

Sasa tuje kwenye karamu ya kumaliza matanga ya baba.

Ulikuja na gari la Mheshimiwa, na Mheshimiwa mwenyewe ndani yake, na sanduku. Tukadhani sanduku lina zawadi za wazee. Lilikuwa na visu na uma na kitambaa cheupe cha meza. Ukatandika meza uani, ukaweka viti viwili, vyenu. Ukamvuta mama pembeni ukamwambia asitoke na mwiko wake mbele ya mgeni. Ulisema, "Mama, tafadhali, watadhani tunaabudu mti." Siku ya baba yako, katika ua wa baba yako, mama akakutii.

Nawe ukaona kilichotokea. Sahani zilijaa, watu wamekaa, na hakuna aliyekula. Mabibi wa mtaa walilaza mikono mapajani, wakatazama mbele kama wanaosubiri mvua. Bibi mmoja akasema, "Tumekuja kumlilia mtu au tumekuja kuangalia kitambaa?" Wali ukapoa. Mwishowe mama akainuka mwenyewe, akaingia chumbani, akatoka na mwiko. Sijawahi kumwona akicheza vile. Mgongo ule ule unaouma! Alicheza kama anayekuadhibu. Na Mheshimiwa wako, badala ya kuona tunaabudu mti, akasimama, akapiga makofi, macho yamemtoka, anarudia kusema hajaona kitu kizuri namna hiyo maisha yake yote. Mimi nilikuona, Paye. Ulikuwa umeinamisha kichwa kwa aibu, ukakiinua. Ukautazama ule mwiko kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeambiwa kwamba jiwe alilojikwaa ni dhahabu.

Halafu likaja lile la Nohn. Aliwaletea muhogo wa kutwanga na mchuzi wa pilipili, akapiga goti, akauweka. Mheshimiwa akauchoma kwa uma, ukanasa. Akautafuna, wakati watoto wote wanajua hauliwi kwa kutafunwa, unamezwa. Watoto wakacheka. Mgeni naye akacheka, hakuwa na ubaya, akasema basi na huyu binti akae ajaribu uma, tuone nani atashindwa. Ukamshika mkeo mkono, ukamkalisha, ukamtia uma kiganjani. Hakuwahi kuushika. Watu wote wanamtazama. Akachoma tonge, akalipeleka haraka, akajidunga mdomo, damu ikatiririka mpaka kidevuni. Mheshimiwa akacheka mpaka akakohoa. Akakuuliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Nawe ukamjibu kwa Kiingereza, ukijua Nohn hasikii, ukisahau kwamba na mimi nilipigwa rula ile ile. Ulisema, "Msichana wa jikoni tu. Anamsaidia mama."

Nilidhani masikio yangu yamenidanganya. Nohn alikuwa akitabasamu na damu mdomoni, kwa sababu aliona wewe unatabasamu.

Asubuhi Mheshimiwa akaondoka kabla hakujapambazuka vizuri. Wewe ukabaki. Jua lilipopanda mama akaingia kuupaka mwiko mafuta, kama afanyavyo kila baada ya karamu, akakuta kitambaa kitupu. Hakupiga kelele. Alitoka amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili kama anayemshika mtoto, na mtaa mzima ukajua.

Ni wewe uliyesema kwanza. Hakuna aliyekuuliza. Ulisema ulimwona Nohn nyuma ya jiko na yule mchuuzi wa vitambaa aliyelala hapa usiku wa karamu. Ukasema, "Mtazameni. Hiyo nguo mpya kaipata wapi?" Nohn alikuwa amevaa kitenge kipya cha rangi ya zambarau. Akakugeukia, akasema pole pole, "Lakini mume wangu, si wewe uliyenipa jana?" Ukacheka, Paye. Bado nakisikia kicheko kile. Ukasema, "Mimi? Nguo za namna hii mjini hata wafagiaji hawavai."

Nataka kuamini kwamba uongo ule ulikujia pale pale, kwa woga, kama mtu anayejikwaa akamshika aliye karibu naye akaanguka naye. Nataka, lakini siwezi. Ile nguo uliileta kutoka mjini kabla hujauona mwiko; sababu ya kumwacha ulikuwa ukiitafuta tayari.

Na watu wakakuamini. Wewe ni mtu wa ofisi, yeye ni mtu wa jembe. Mafiga yake yakapinduliwa. Wanawake waliokula kwa mkono wake wakamtemea mate mlangoni. Ukasimama mbele ya wazee ukasema ama yeye aondoke ama wewe hutakanyaga tena Gbeiplay, na mama, mama yetu asiyemnyima chakula hata mwendawazimu, akanyamaza. Nohn akaondoka na kikapu kimoja kwenda kwao Zorplay. Hata kile kitenge alikivua akakiacha kwenye kizingiti. Mimi nilimsindikiza hadi mtoni. Hakulia. Aliniambia, "Wifi, mimi nikiiba, nitaiba kitu cha kulisha watu?"

Yote hayo unayajua. Nimeyaandika ili uyasome kwa mwandiko wa mtu mwingine. Sasa nakuja kwa usiyoyajua, na hapo ndipo utakapomwona adui yako.

Mwezi wa Oktoba nilikuja huko mjini. Nilikuwa na habari yako, habari ambayo haifai kutumwa na dereva wa lori. Nilifika ofisini kwenu, nikamuulizia Paye, wakaniambia hawana mtu huyo. Nikamtaja Wentworth. Wakacheka, wakasema Wentworth amesafiri na Mheshimiwa kwenda Buchanan, lakini kama nina shida, nyumba ya mkwewe iko mtaa wa Sinkor, niende huko.

Niliuliza, "Mkwewe nani?"

Mlinzi wa mlango akasema, "Dada, wewe umetoka msitu gani? Mwezi wa Desemba anamwoa Clarice wa Mheshimiwa Pennick. Mji mzima unajua."

Nikaenda Sinkor kwa miguu. Nilitaka jua linichome, ili nikifika niwe na sababu nyingine ya kutokwa jasho.

Bibi Eudora Pennick alinipokea mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaninyima nafasi. Niliposema mimi ni dada yake Philip, alinikumbatia na vumbi langu lote. Alisema mumewe amemsimulia habari za mama yetu anayecheza. Akaniingiza ndani, akaagiza chakula, akanikalisha kwenye meza inayong'aa kama maji, visu upande huu, uma upande ule. Nikainua macho.

Ulikuwa ukutani, Paye. Juu ya kabati la vyombo, kwenye misumari miwili, kichwa chini. Uso wa yule mwanamke unaangalia sakafu. Umekauka, umepasuka kidogo shingoni, kwa sababu hakuna aliyeupaka mafuta tangu ulipotoka kwetu.

Bibi Eudora akaona natazama. Akasema kwa furaha, "Umeutambua, eh? Mkwe wetu alimkabidhi Mheshimiwa usiku ule ule wa karamu yenu. Ametueleza kwamba kwa mila yenu mwiko wa mama hupelekwa nyumbani kwa bibi harusi. Nilimwambia Clarice, hii ndiyo heshima, si haya mambo ya pete peke yake." Nilikuwa nimeshika uma. Niliuachia, ukagonga sahani kama kengele. Yeye akadhani naona haya. Akaenda akafunga mlango wa sebuleni, akarudi, akanong'ona, "Kula kwa mkono, mwanangu. Hata mimi Mheshimiwa akisafiri nakula kwa mkono. Samaki hana ladha kwenye chuma." Akaweka uma wake pembeni, akanawa, akaanza yeye ili mimi nisione haya.

Unaelewa ulichofanya? Mwanamke huyu hakuhitaji uma wako. Hakuna aliyeuhitaji. Umemdhalilisha mkeo kwa ajili ya adabu ambayo wenyewe wanaifungia mlango.

Nikanawa nikala, maana sikutaka kusema niliyotaka kusema nikiwa na njaa. Tulipomaliza akaniuliza ni habari gani iliyonitoa mbali hivyo, maana Philip atarudi Jumatatu. Nikamwambia. Nilisema, "Nimekuja kumwambia kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kike."

Ndiyo, Paye. Nohn alipovuka mto ule na kikapu alikuwa na mimba, na hakusema, kwa sababu aliona ukijua utasema nayo ni ya mchuuzi. Una binti. Amezaliwa Zorplay, katika nyumba ya watu uliowaita wazazi wa mwizi.

Bibi Eudora hakushtuka kama nilivyotegemea. Alikunja kitambaa cha mkono, akakikunjua. Halafu akaniuliza swali moja tu. "Mkewe ndiye yule msichana aliyejidunga mdomo kwa uma?"

Nikauliza amejuaje.

Akasema hicho ndicho kisa ambacho mumewe anawasimulia wageni kila wakila. Na kwamba Philip huwa amekaa pale pale nilipokaa mimi, naye anacheka, na siku nyingine ndiye anayekimalizia, anaonesha kwa uma wake namna alivyojidunga. Wote walicheka. Akasema, "Na mimi nilicheka, mwanangu. Clarice alicheka." Akajipangusa mdomo kwa nguvu, kama anayefuta kile kicheko.

Nikamsimulia yote, kitambaa kitupu, kitenge cha zambarau, mafiga. Alimwita Clarice, nikayarudia mbele yake. Ni msichana mzuri, nakupa pole. Hakulia wala hakuniita mwongo. Alisema, "Mama, mtu anayeweza kumkana mwenzake kwa ajili ya kicheko, mimi siku yangu atanikana kwa ajili ya nini?" Bibi Eudora akavuta kiti, akavua viatu, akapanda mwenyewe, na mwili ule wote. Akaushusha mwiko, akaupangusa kwa nguo aliyovaa, akanipa kwa mikono miwili. Alisema maneno haya, na ameniruhusu nikuandikie: "Mwambie mama yako sikuiba. Niliibiwa pamoja naye."

Alitaka kukukabili siku hiyo hiyo utakaporudi. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme neno. Nilimwambia, mfungie mlango tu, ajiulize. Ajue ladha ya kuhukumiwa bila kuambiwa kosa, aisikie ulimini majuma machache, kama Nohn alivyoisikia miezi. Yaliyobaki niachie, mimi ni dada yake, nitamwandikia. Basi usiwatilie shaka wenzako wa ofisini. Adui unayemtafuta ni mimi. Nimekaa kwa mkweo, nimekula samaki wako, na ndoa yako nimeivunja mimi.

Nilirudi na mwiko magotini. Mama alikuwa akipepeta. Aliuona kabla sijaufungua, akaacha ungo, akasema jina lako, si kwa kuuliza. Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Nilijua. Siku ile ile nilijua, nikaona afadhali nimpoteze mkwe kuliko nimjue mwanangu." Sijamsamehe kwa hilo, na yeye hakuniomba. Aliuosha mwiko, akaupaka mafuta ya mawese mpaka ufa wake ukazibika, kesho yake akawaita wanawake wa mtaa, akawaambia kila kitu mbele ya mlango wa chifu. Hakukuficha, Paye. Hakukuita Philip. Alisema, "Mwanangu Paye, niliyemzaa mimi."

Tukaenda Zorplay wote, mama mbele, miguu mitupu, mwiko umejaa wali. Babake Nohn alituacha juani. Alikuwa na haki. Alitoka mara ya kwanza akatutazama, akarudi ndani. Mabibi waliomtemea mate binti yake walisimama kwenye jua lile bila kuulizia maji. Alipotoka tena mama akapiga magoti mavumbini, na mgongo wake ule, asimwage punje hata moja. Nohn akaja na mtoto kwenye titi. Alimtazama mama kwa muda mrefu. Kovu dogo liko kwenye mdomo wake, upande wa kushoto. Akinyamaza halionekani, akisema linaonekana.

Mama akamwambia, rudi nyumbani kwa mumeo, uchukue mwiko wako. Nohn akamjibu, "Mwiko naupokea, mama. Mume mrudisheni alikotoka."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka babake akacheka bila kutaka. Nohn akampa mama mtoto amshike, akaupokea mwiko, akaanza kugawa pale pale, akianza na yule bibi aliyemtemea mate kwanza. Bibi akashindwa kumeza. Nohn akasema, "Meza tu, bibi, wali hauna kinyongo." Lakini wakati wa kurudi alinishika mkono akaniambia, "Wali hauna, wifi. Mimi ninacho."

Sasa anakaa Gbeiplay, katika nyumba yake mwenyewe aliyojengewa na mtaa, karibu na mama lakini si ndani ya ua wenu. Wazee wamekaa. Wamesema mwanamume anayemsingizia mkewe wizi alioufanya yeye hana mahari ya kudai wala mke wa kudai. Karamu ya mavuno ilikuwa ya kwanza kwake. Hachezi kama mama. Anacheza polepole, kama mtu anayepima udongo kwa mguu. Watu walimsubiri. Chifu alimsubiri.

Kuhusu mchele na mafuta uliyoomba, mama amesema hapana. Mchele wa mwaka huu una mwenyewe.

Mama anakusalimu, na ameagiza niandike neno hilo moja nisiongeze kitu. Mume wangu anakusalimu, yeye ni mpole, unamjua. Mabibi wa mtaa sikuwaomba salamu zao, na Nohn hajatuma. Mwambie dereva wa lori kama umepokea.

Bintiyo ni mzima, ananyonya vizuri, na kwa bahati mbaya amechukua sura yako. Jina tumempa, jina zuri, watu wakilisikia hutabasamu. Sikuandikii hapa. Ukilitaka, njoo mwenyewe hadi mlango wa mama yake, upige hodi kama mgeni, usimame juani hadi atakapotoka, uulize.

Mimi dada yako,
Yei